Baba na Mama wa Ali wa Kilwa

Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya watawala wake, imetufikia kwa njia mbili, nazo hazikubaliani juu ya wazazi wa mtu mmoja: Ali, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza wa Kishirazi. Mreno João de Barros, aliyechapisha simulizi yake mwaka 1552, anasema baba ni Sultani Hocen wa Shiraz, yaani Husein, aliyekufa na kuacha wana saba. Mama wa wana sita ni Mwajemi wa ukoo bora. Mama wa Ali ni mjakazi wa Kihabeshi, na kwa ajili hiyo ndugu zake walimdharau hata akahama. Hati ya Kiarabu, iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 na sasa iko London, inaleta majahazi saba: ndugu sita na baba yao, yu hai, akishukia Nzwani, katika visiwa vya Komoro. Mjakazi hatajwi.

Kwa upande wa baba, hukumu inawezekana. Sarafu za shaba za Kilwa zimeandikwa upande mmoja "Ali bin al-Hasan", na upande wa pili "yathiqu bi-mawla al-minan", yaani anamtegemea Mola mwenye neema. Aliyezoea vina ataona mara moja: Hasan na minan vinapatana, Husein angevunja kina. Kwa hati za Kiarabu majina hayo mawili yanatenganishwa na herufi moja tu, ya ye, na mnakili aliyechoka huiongeza au huiacha. Sarafu ilitolewa kwa jina la mtawala mwenyewe. Barros aliandika karne nyingi baadaye, tena kwa habari zilizopita mikono mingi. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alimtambua mwenye sarafu hizo kuwa ndiye Ali wa tarehe. Katika nasaba namwandika Ali bin Hasan bila kusita.

Mama ni shauri jingine, kwani sarafu haimtaji mama. Nasaba zetu za pwani huhesabiwa kwa baba, na mwandishi wa kuusifu ukoo wa kifalme alikuwa na kila sababu ya kumnyamazia mjakazi. Utafiti wa mifupa ya kale ya Kilwa na miji mingine ya pwani, uliotoka mwaka 2023, ulikuta asili ya Uajemi imepita zaidi kwa wanaume, na ya Afrika zaidi kwa wanawake. Haumthibitishi mama wa Ali, lakini unaonyesha ni wanawake wangapi nasaba zetu ziliwaruka. Kwa hiyo simfuti. Namwandika pembeni mwa Hasan: mjakazi wa Kihabeshi, kwa kauli ya Barros, 1552.