Miaka 15 kwa Binti, 18 kwa Kijana: Hesabu Tuliyoirithi



Leo sina habari za vikao wala posho. Leo naomba tukae chini tuongelee namba mbili tu: 15 na 18. Ukizielewa hizo, utaelewa kwa nini huku kwetu Dodoma mabinti wengi huishia njiani wakati sisi vijana wa kiume tunaendelea na safari.

Nianze na darasa langu. Shule ya msingi nilisoma kijijini, wilaya ya Chamwino, na dawati langu tulikaa watatu. Katikati alikaa binti mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Hesabu za sehemu na desimali alinifundisha yeye. Mwalimu akigeuka ubaoni, yeye ananisogezea daftari taratibu ninakili. Tulifaulu wote. Kidato cha pili hakurudi shule. Tuliporudi likizo tukaambiwa ameolewa Bahi huko, ng'ombe wamekuja, sherehe imeshapita. Alikuwa na miaka 15. Mimi nikaendelea hadi chuo kikuu, leo naandika magazetini. Aliyekuwa akininakilisha hesabu analima mtama.

Miaka mingi nilidhani familia yake ilivunja sheria. Nilipoanza kazi ya uandishi na kutumwa kuripoti semina ya wanasheria hapa mjini, ndipo nikagundua kitu kilichoninyima usingizi. Ukiacha suala la shule, sheria ya ndoa yenyewe ILIKUWA UPANDE WAO.

Turudi nyuma kidogo.

Wagogo ni wafugaji na wakulima wa nchi kavu. Mvua ikigoma, aliyebaki na ng'ombe ndiye aliyebaki na uhai, na ng'ombe hupita kwenye ndoa. Mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka. Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo na kuandika kitabu juu ya ng'ombe na undugu wao mwaka 1969, alieleza jinsi mifugo ilivyokuwa kamba ya kufunga koo na koo. Sisemi mila hiyo ilikuwa ya kikatili. Kwa mzee wa zamani, mahari ilikuwa heshima na pia akiba. Ila tukubaliane, katika hesabu hiyo binti ndiye aliyekuwa daraja. Wengine walivuka, yeye akakanyagwa.

Na njaa ikija, daraja linakanyagwa zaidi. Wazee wetu wanaikumbuka njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Waingereza walipoingia nao wakafanya yale yale. Kisha mvua ikakosekana. Makadirio ni kwamba katika watu kama 150,000 wa wilaya ya Dodoma, kama 30,000 walikufa. Mwanahistoria Gregory Maddox ameandika juu ya njaa hiyo na jinsi wazazi walivyofika mahali pa kuwaweka watoto wao rehani ili wapate chakula. Ukitaka kujua kwa nini mzee wa Kigogo akiona mawingu yamepotea macho yake yanageukia kwa binti, usianzie kwenye tabia yake. Anzia kwenye ghala.

Sasa twende kwenye uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, na hata sikukuu hawapumziki, huku wanaume wengi vijijini wakipoteza muda. Mwalimu Nyerere aliliona tatizo. Mwaka 1969 serikali ikatoa waraka wa mapendekezo kuhusu ndoa, ukajadiliwa nchi nzima, na mwaka 1971 Bunge, wakati huo likikaa Dar es Salaam, likapitisha Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka huo. Huku kwetu 1971 ilikuwa wakati wa Operesheni Dodoma, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na Mwalimu mwenyewe anashinda Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji.

Naomba tuwe wa haki. Sheria ile ilikuwa ya kimaendeleo kwa wakati wake. Kabla yake kila ndoa ilikuwa na dunia yake: ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila, ya Kihindu. Sheria ya 1971 iliziweka zote chini ya paa moja. Ilisema ndoa lazima iwe ya hiari. Kifungu cha 66 kilisema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali ndoa ikivunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikatamka kwamba kazi za nyumbani, kupika, kufua na kulea, nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu siku ile, maana mahakama iliona fungu lake alishapewa na akalitumia vibaya. Lakini wanawake waliokuja nyuma yake walifaidika sana na kesi hiyo.

Tatizo ni kifungu cha 13. Kilisema mwanaume aoe akiwa na miaka 18, na mwanamke aolewe akiwa na miaka 15. Mahakama ingeweza hata kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Na kifungu cha 17 kikasema binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba. Soma tena taratibu. Ridhaa ni ya nani? Ya yule yule anayepokea ng'ombe!

Mwaka 1971 namba 15 ilikuwa hatua mbele, kwa sababu mila nyingi hazikuwa na namba kabisa, zilisubiri mwili wa binti ubadilike basi. Yalikuwa maafikiano kati ya serikali, dini na mila. Lakini maafikiano yakikaa miaka hamsini bila kuguswa yanageuka mila nyingine, tena yenye muhuri.

Angalia yaliyofuata. Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana. Ikasema kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama amekubali, ISIPOKUWA awe mke wa mtu na ametimiza miaka 15. Yaani kitendo ni kile kile na binti ni yule yule, lakini ukipeleka ng'ombe kwanza, jela inageuka harusi. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto, ikatamka mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo nchi moja ikawa na binti wa miaka 15 ambaye ni mtoto kwenye sheria moja na mama wa nyumba kwenye sheria nyingine. Binti huyo haruhusiwi kupiga kura, haruhusiwi kupata leseni ya gari. Kuzaa na kusimamia kaya anaruhusiwa.

Takwimu hazidanganyi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kitaifa asilimia 37 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya miaka 18. Kwa mkoa wetu wa Dodoma ilikuwa asilimia 51. Nusu ya dawati, wadau!

Na aliyelitingisha jambo hili ni nani? Ni binti aliyezaliwa hapa hapa Dodoma. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alifungua kesi Mahakama Kuu akidai vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba. Julai 2016 akashinda. Mahakama ikampa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria, umri uwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba vifungu vile vinamlinda binti anayepata mimba kabla ya ndoa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka 2018 Rebeca alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Je, Bunge lilikimbia kurekebisha? Oktoba 2020 ilifika na kupita, kifungu hakijaguswa. Miaka iliyofuata tuliambiwa maoni ya wadau bado yanakusanywa.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996. Hapa hapa Anne Makinda aliapishwa mwaka 2010 kuwa Spika wa kwanza mwanamke. Hapa hapa Tulia Ackson alikalia kiti hicho kuanzia 2022 hadi 2025. Tangu Machi 2021 nchi imekuwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Viti maalumu vimejaza wanawake ukumbini. Yote hayo ni ya kujivunia na wala sikejeli. Lakini kutoka ukumbini hadi kijijini kwetu ni safari fupi tu ya basi, na namba 15 iliishi katikati ya safari hiyo miaka yote.

Niliwahi kumuuliza bibi yangu kuhusu haya. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia mahakama imesema miaka 18. Akacheka, akaendelea kupeta ulezi. "Mjukuu wangu, mahakama ina ng'ombe?"

Swali hilo sijalimaliza hadi leo. Bibi hakuwa anatetea ndoa za utotoni, mwenyewe aliolewa kabla hajajua umri wake. Alikuwa ananikumbusha kwamba sheria bila ghala lenye chakula, bila bweni la wasichana karibu na shule na bila njia nyingine ya kaka kupata mahari, itabaki karatasi. Nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine namjibu hivi: njaa ya Mtunya haikuwa na sheria ya kumsaidia binti aliyetaka kusema hapana. Wa leo anastahili walau hiyo karatasi mkononi, ili siku akikimbilia kwa mwalimu au kituo cha polisi asiambiwe kwamba baba yake hajakosea.

Mwaka jana nilikutana na yule mwenzangu wa dawati mnadani. Ana watoto wanne, binti wa kwanza yuko darasa la sita. Nikamwuliza anaendeleaje shuleni. Akanijibu bila kusita, "Hesabu anaongoza."

Wadau, huyo binti ana miaka michache tu kabla ya kufikisha 15. Nawasilisha.