Kwenye Njia ya Mkonge: Pangani hadi Korogwe

Njia ya mkonge wa Tanganyika inaanzia Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, nami nikaanzia hapo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ya mmea ambao asili yake ni Yucatán, Mexico. Iliyofika hai ni 62. Biashara ya mkonge ya dunia iliingia pwani yetu kwa miche hiyo michache.

Kutoka Pangani nilifuata barabara hadi Tanga. Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli hapo, na shule yao ya serikali ilikuwa ikichukua vijana wa mji. Ilifundisha kusoma na kuandika kwa herufi za Kilatini, kwa sababu utawala na biashara vilihitaji makarani. Elimu ilikatwa kwa kipimo cha kazi iliyokuwapo.

Nikapita Muheza, nikafuata reli iliyofika Korogwe mwaka 1902. Huku shambani kipimo kilikuwa kidogo zaidi. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Walipewa kipande, kadi ya kazi ya siku 30, wakakata majani yenye miiba mikali, wakayafunga mafungu na kuyapeleka kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi. Kwa kazi hiyo hakuna mwenye shamba aliyeona haja ya kumpa mkataji daftari.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Kisha viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kutengeneza kamba za plastiki, na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba, lakini soko la nje halikurudi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Fundi aliyejua mashine, au karani aliyejua hesabu, aliweza kubisha hodi kwingine. Mkataji aliyefundishwa panga tu alibaki na panga. Huo ndio uchungu wa njia hii: uamuzi wa mnunuzi wa mbali ulimwangukia mtu ambaye hakuandaliwa kwa lolote jingine.

Hale, kabla ya Korogwe, kuna somo jipya. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya jani, na kwa miaka mingi yaliyobaki yalitupwa. Hapo mabaki yaliwahi kugeuzwa gesi ya kuzalisha umeme. Kazi ya namna hiyo inataka kemia, umeme na hesabu, mambo ambayo manamba hawakupewa.

Zao la leo nalo litakuja kuyumba, na hakuna shule inayoweza kutabiri litakalofuata. Kwa hiyo tusiwapimie watoto wa Muheza na Korogwe elimu kwa kazi moja inayolipa sasa. Tuwape msingi imara wa lugha, hesabu na sayansi, na ufundi unaohamishika, ili bei ikishuka London au Rotterdam wawe na mlango wa pili wa kuufungua.