Wa Ndege na wa Mto: Vijana Waliokwenda Ng'ambo, 1959–1963

Ndugu zangu mliomaliza, nanyi vijana ambao bado mnaamshwa na kengele ya bweni,

Kila tukutanapo, mazungumzo juu ya waliosoma ng'ambo huanzia pale pale: ndege za Tom Mboya. Ni haki yake marehemu. Lakini miaka ile zilikuwapo njia mbili za kutoka Kenya kwenda kutafuta elimu ya juu, na moja imesifiwa hata ya pili ikasahauliwa. Nataka kuziweka zote mbili katika ukurasa mmoja, kwa kuwa waliozipita walitoka katika madawati yale yale.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikitegemea Makerere, kule Kampala, kwa digrii, nazo zilikuwa digrii za London. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 tu. Dar es Salaam haikuwa na chuo kikuu mpaka Oktoba 1961. Kijana aliweza kufaulu mtihani wa Cambridge vizuri kabisa, kisha akaukuta mlango umefungwa kwa sababu viti vilikuwa vichache. Kweli, walikuwapo waliotangulia ng'ambo: Mbiyu Koinange alikwenda Hampton, Marekani, mwaka 1927, Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952. Lakini hao walihesabika kwa vidole.

Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani kwa majuma kadhaa akihutubia na kuomba nafasi vyuoni. Nafasi alizipata, nauli hakuipata. Ndipo Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walipotia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba mwaka huo vijana 81 walipanda ndege moja Nairobi wakaenda New York. Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa jamaa yake ukatoa dola 100,000. Serikali ya Marekani, iliyokuwa imekataa kutoa nauli, ghafla nayo ikaona ina fedha! Uchaguzi una miujiza yake. Kufikia 1963 waliosafiri kwa mpango ule walikaribia 800, wakiwamo vijana wa Tanganyika, Uganda na nchi nyingine jirani.

Hapa nisahihishe jambo moja linalorudiwa sana. Baba yake Rais Obama hakuwamo katika ndege ile ya kwanza. Alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, lakini alisaidiwa na mwanamke Mmarekani aliyekuwa Nairobi katika kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma.

Jambo lisilosimuliwa vya kutosha ni fedha za nyumbani. Nafasi ya chuo haikuwa chakula, wala koti la baridi, wala vitabu. Vijijini ziliandaliwa karamu za chai, watu wakachanga shilingi moja moja. Mbuzi wakauzwa, ng'ombe wakauzwa. Kwa maoni yangu mzigo huo ulikuwa mzito kuliko theluji yoyote. Kijana alipokaa maktabani usiku alijua kwamba kuna mama ambaye hajui kusoma, naye amelipia sehemu ya kiti kile.

Wala Marekani haikuwa peponi. Wangari Maathai (na sisi wa shule ya wavulana tukumbuke kwamba wasichana nao walikuwamo) alisafiri mwaka 1960. Kutoka New York yeye na wenzake walipanda basi kwenda Atchison, katika jimbo la Kansas. Njiani, kule Indiana, waliingia mkahawani kununua soda, wakaambiwa wakainywee nje. Alilisimulia jambo hilo katika kitabu chake *Unbowed* cha mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa njia ya pili. Oginga Odinga alizuru Uchina na Urusi mwaka 1960, akatafuta nafasi za masomo huko. Aliporudi, serikali ya kikoloni ikamnyang'anya pasipoti. Vijana wa upande huo aghalabu hawakuwa na pasipoti za kunyang'anywa. Walivuka Uganda, wakaingia Sudan mpaka Juba, wakapanda meli ya mto kushuka Nile hadi Kosti, kisha garimoshi hadi Khartoum na Wadi Halfa, kisha meli tena, kisha garimoshi tena, mpaka Kairo. Jina la Kairo walilijua kutoka redioni, kwani redio ya huko ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954. Kairo waliikuta ofisi ya Wakenya wenzao, na kutoka hapo wakatawanyika: Moscow, Prague, Sofia, Ujerumani Mashariki.

Moscow kilikuwapo chuo kipya kilichofunguliwa mwaka 1960, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba. Karo haikuwapo, mwanafunzi alipewa posho na nguo za baridi, akaanza kwa kujifunza Kirusi kabla ya kugusa udaktari au uhandisi. Lakini huko nako matusi yalikuwapo. Februari 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana Sofia baada ya chama chao kupigwa marufuku, na wengi wakaondoka Bulgaria. Desemba mwaka huo mwanafunzi wa Ghana alikutwa amekufa nje ya Moscow. Wenzake, mamia yao, wakaandamana hadi Uwanja Mwekundu, mbele ya Kremlin.

Basi ubaguzi uliwakuta wote wawili, wa ndege na wa mto. Tofauti kubwa ilikuwa nyumbani. Wa ndege walirudi wakapokewa maofisini na vyuoni, kwa sababu nchi iliyokuwa huru tangu Desemba 1963 ilihitaji watu wa kushika nafasi za Waingereza. Wa mto walirudi wakati Odinga akigombana na wakubwa wenzake. Alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966. Chama chake cha KPU kikapigwa marufuku mwaka 1969, mwaka ule ule ambao Mboya aliuawa. Mtu aliyekwenda Moscow kujifunza kutibu macho alitazamwa kana kwamba alikwenda kujifunza kupindua serikali.

Ndiyo maana picha za ngazi za ndege tunazo tele, na za meli ya Juba hatuna. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1959 sasa amepita 80. Kama yumo miongoni mwenu aliyeipita njia ya mto, au baba yake au mjomba wake aliipita, na kuna barua au picha sandukuni, tafadhali ailete siku ya mkutano. Tutainakili na kumrudishia siku hiyo hiyo.