Nani Apewe Cheo? Somo la Historia kutoka Kasese

Neno "uwakilishi" limetokana na "wakili", yaani mtu asimamaye mahali pa mwenzake. Jiulize basi: watu wakikosa wa kusimama mahali pao katika ofisi zinazowaamulia mambo, hufanya nini?

Tazama Bulembia, katika bonde la mto Nyamwamba. Huko Kilembe ndiko shaba ilikochimbwa, na mwaka 1956 reli ikafika Kasese ili kuisafirisha. Milima hiyo ni makazi ya Wakonzo. Hata hivyo, mambo yao yaliamuliwa Fort Portal, makao ya ufalme wa Toro, ambako wao na jirani zao Waamba walipata nafasi chache mno za uchifu na utumishi.

Uhuru ulipokaribia, wajumbe wao walidai katiba ya Toro iwatambue kuwa sawa na Watoro. Walikataliwa. Machi 1962, Isaya Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya wakatoka barazani pamoja na wenzao, wakidai wilaya yao wenyewe. Tume ya Sembeguya ilikiri kwamba walibaguliwa, lakini haikuunga mkono wilaya hiyo. Mukirane akashika njia ya milimani, na uasi wa Rwenzururu ukaanza.

Wilaya ilipatikana mwaka 1974, silaha zikawekwa chini kwa mapatano ya Agosti 1982. Na yalikuwa na nini mapatano hayo? Pamoja na mengine, watu wa Rwenzururu kupewa vyeo katika utawala wa mahali pao. Jambo lililoombwa barazani kwa maneno lilitolewa baada ya miaka 20 ya damu.

Usidhani ni kisa cha milimani tu. Katika vyuo vikuu vya Marekani, wachezaji Weusi walijaa viwanjani muda mrefu kabla ya kukabidhiwa timu. Ni mwaka 1979 tu Willie Jeffries alipoajiriwa na Wichita State, akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika daraja la juu la futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Jasho lao lilikubaliwa mapema. Uamuzi wao ulicheleweshwa.

Leo nchini Uganda ajira za wilaya hupitia tume ya utumishi ya wilaya. Majina ya walioajiriwa yakibandikwa, yasome, kisha uulize mapema, kwa maneno: nani hayumo, na kwa nini?