Chuo Kikuu na Darasa: Historia Fupi ya Staji ya Walimu Nchini Kongo

Katika kurasa hizi tunakusudia kufuata historia ya jambo ambalo kila mwalimu amelipitia: staji ya kufundisha, yaani zile siku ambapo mwanafunzi wa chuo hukabidhiwa darasa la mtu mwingine.

Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu: Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954, na kile cha Serikali cha Elisabethville, cha mwaka 1956. Shule za msingi zilikuwa nyingi. Wenyeji waliohitimu chuo kikuu walikuwa wachache mno. Walimu Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, UNESCO ilileta walimu wa kigeni, Wahaiti wakiwa miongoni mwao, na mwaka 1961 Taasisi ya Taifa ya Ualimu (IPN) ikaanzishwa Léopoldville. Wazo lake lilikuwa jema: mwalimu wa sekondari ajifunze somo na ufundi wa kulifundisha mahali pamoja, kisha apelekwe shuleni akajaribiwe.

Mageuzi ya mwaka 1971 yaliunganisha vyuo vikuu vitatu (Kisangani ilikuwa imepata chake mwaka 1963) kuwa UNAZA, na taasisi za juu za ualimu zikawekwa humo humo. Vitivo navyo vikagawanywa: fasihi ikaenda Lubumbashi, elimunafsi na ualimu vikaenda Kisangani. Msomaji aitazame ramani. Aliyejifunza lugha na aliyejifunza namna ya kufundisha walitenganishwa na zaidi ya kilometa 1,000! Kwa maoni yetu, hiyo ni sababu mojawapo iliyozifanya taasisi za ualimu, kama ile ya Bukavu, ziwe karibu na shule kuliko vilivyokuwa vitivo. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, lakini ukuta kati ya somo na ufundi wake ulikuwa umekwisha kuzoeleka.

Na mwenye darasa je? Yeye ndiye anayempokea mwanastaji, anayemkosoa, pengine hata kumgawia chaki yake. Hata hivyo, katika kutoa alama, sauti kubwa ni ya chuo. Katika miaka ya 1990, wazazi walipobeba sehemu kubwa ya malipo ya walimu, ulezi huo ulikuwa sadaka tupu, na ni ajabu kwamba uliendelea.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa lugha. Tangu mageuzi ya mwaka 1962, yaliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, sera ya lugha za taifa imegeuzwa zaidi ya mara moja, lakini katika sekondari Kifaransa hakikutikisika. Mwanastaji huandaa fishi yake kwa Kifaransa, na msimamizi aketiye nyuma huandika maoni yake kwa Kifaransa. Lakini huko Lubumbashi au Bukavu, mtoto asiyeelewa humwuliza jirani yake kwa Kiswahili. Katika staji yetu wenyewe hakuna aliyetuelekeza la kufanya na mnong'ono ule, wala katika fishi hapakuwa na mstari wa kuuandika.