Shabiki Hana Hisa

Shabiki wa mpira wa kikapu hupenda nini hasa: jina, mji au mchezaji? Waulize watu wa Seattle, Marekani. Timu yao, SuperSonics, ilianza mwaka 1967, ikatwaa ubingwa mwaka 1979. Mwaka 1996 Gary Payton na Shawn Kemp waliifikisha fainali, ikafungwa na Chicago Bulls michezo 4 kwa 2. Kemp akapelekwa Cleveland mwaka 1997, Payton Milwaukee mwaka 2003. Mashabiki wakabaki na timu. Mwaka 2008 timu nayo ikahamishiwa Oklahoma City. Jina na rangi zikabaki Seattle. Waliomfuata kijana Kevin Durant huko waliachwa tena mwaka 2016, alipohamia Golden State.

Hasheem Thabeet wetu alipovaa jezi ya Oklahoma City mwaka 2012, wako Watanzania walioishangilia timu ileile iliyoliliwa Seattle.

Basi, tusimwite msaliti shabiki anayebadili timu. Mwenye timu huuza, mchezaji hutia saini. Shabiki hana hisa wala kura. Alichobaki nacho ni ule mwaka 1979, na huo hauuzwi.