Tulikotoka: Historia Fupi ya Vizuizi vya Elimu na Kazi kwa Vijana wa Upare

Ndugu wana Upare mlio milimani, mlio tambarare na mlio mbali na nyumbani,

Kila mwaka tunapokutana kuchangia maendeleo ya kwetu, swali moja hurudi: shule zimejengwa na ada imefutwa, mbona vijana wengi bado wako nyumbani, hawasomi wala hawana kazi? Mwaka huu tumeona tulijibu kwa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu vizuizi vya leo havikuanza leo.

Upare ilipata shule mapema. Wasabato walifika Mamba mwaka 1903, na Walutheri nao walifungua shule Shigatini, Gonja na kwingineko. Lakini shule hizo hazikuwa za wote. Wazazi wengi Waislamu walisita kupeleka watoto wakihofia watabadilishwa dini, na wasichana walibakishwa nyumbani. Walioingia walikutana na mchujo wa darasa la nne, kisha wa darasa la nane. Mtoto aliyeanguka darasa la nne alirudi kwenye jembe, na alipokua alishuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge.

Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa, na serikali ikabeba gharama za sekondari. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Wanakijiji walifyatua matofali na kujenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini. Mlango wa shule ya msingi ukawa wazi. Ila sekondari zilibaki chache, na nafasi zake ziligawanywa kwa mikoa na wilaya ili sehemu zilizoachwa nyuma nazo zipate. Nia ilikuwa njema, lakini kwetu, ambako watoto wengi walisoma, maana yake ilikuwa kwamba wengi waliofaulu hawakuchaguliwa. Ndipo wazazi mkoani Kilimanjaro, Upare ikiwemo, walipojenga sekondari zao wenyewe kwa michango. Mwenye kahawa alisomesha. Asiye na kahawa alimwona mwanawe akikaa kijiweni.

Wengi wa hao waliokaa walipanda basi kwenda Dar es Salaam. Huko nako mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na asiyeweza kuonyesha kazi halali alikamatwa na kurudishwa kijijini. Kijana akawa hana shule kwao wala ruhusa ya kutafuta riziki mjini.

Kisha kahawa yenyewe ikatuangusha. Makubaliano ya kimataifa yaliyolinda bei yalivunjika mwaka 1989, na bei ikaporomoka wakati uleule ambao wazazi walitakiwa kuchangia gharama za elimu na matibabu. Watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na baadhi hawakurudi tena darasani.

Karne hii imeleta nafuu kubwa. MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliondoa ada ya shule ya msingi. MMES ulifuata mwaka 2004, na sekondari za kata zikajengwa kwa nguvu za wananchi na serikali. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Lakini wingi wa shule ulitangulia wingi wa walimu, maabara na vitabu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata matokeo yakabidi kupangwa upya.

Tukiitazama historia hii tunaona jambo moja. Kila serikali ilipofungua mlango mkubwa, mtoto wa maskini alijikwaa kwenye kitu kidogo kilichokuwa kando yake. Leo ada haipo, lakini sare, daftari na chakula cha mchana vipo. Shule iko bondeni na nyumbani ni juu mlimani, kwa hiyo mwanafunzi hupanga chumba, yaani geto, na binti anaishi humo peke yake bila mtu mzima wa kumwangalia. Mama kijana ameruhusiwa kurudi darasani, lakini nani atabaki na mtoto?

Baada ya kidato cha nne kuna vikwazo vingine. Chuo cha ufundi kipo, lakini nauli, malazi na vifaa vinamshinda. Aliyejifunza ufundi gereji au kwa fundi mwashi anajua kazi, ila hana cheti, na wengi hawajui kuwa VETA humpima fundi wa mtaani na kumpa cheti cha ujuzi wake. Yatima aliyefaulu vizuri anaomba mkopo wa chuo kikuu, anaambiwa alete cheti cha kifo cha mzazi. Mzazi alizikwa kijijini miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Mtoto aliyeshinda mitihani yote anakwama kwa sababu ya karatasi.

Haya siyo mambo ya kusubiri sera mpya, kwa kuwa sera zimekwishafanya sehemu yake. Yaliyobaki ni ya jirani, shangazi, mjomba na mwana kijiji aliyeko mjini. Ndiyo maana mfuko wa mwaka huu hatukuuelekeza kwenye jengo la kupigia picha. Tunataka umalize hosteli ya wasichana, uchangie chakula cha mchana, ulipie mafunzo ya ufundi pamoja na seti ya vifaa vya kuanzia kazi, na umsaidie yatima kufuatilia vyeti vyake kabla dirisha la mikopo halijafungwa.

Wazee wetu mwaka 1945 walitoka vijijini kwa maelfu wakakaa Same kupinga kodi ya mbiru, wakipokezana na kulishana, hadi kodi ile ikafutwa. Hawakuwa na fedha, walikuwa na umoja. Sisi leo tuna umoja, na wengi wetu tuna na fedha kidogo, kwa sababu kuna mtu aliyeuza kahawa au mbuzi ili tusome.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Karibuni tuchangie, kila mmoja kwa kadiri alivyojaliwa, ili kijana wa kwetu asikwamishwe na kitu kidogo ambacho sisi tungeweza kukiondoa.